Baiskeli ya Safari ya Kwanza ya Hisani kutoka Tanga: Phoenix, ya Gia au ya Mashindano?

Mtu anayejiandikisha kwa mara ya kwanza katika msafara wa baiskeli wa hisani hapa Tanga, wa kilomita mia moja au karibu na hapo, huulizwa na jamaa zake mambo mawili: anachangisha kwa ajili ya nani, na atapanda baiskeli gani. Swali la kwanza huwa limekwisha kujibiwa kabla hajajiandikisha. La pili ndilo linalomsumbua, kwa sababu mji huu umejaa baiskeli, na kila mwenye baiskeli ana maoni.

Makala haya yanalinganisha baiskeli tatu ambazo mkazi wa Tanga anaweza kuzipata bila kuagiza kitu ng'ambo. Ya kwanza ni ile kubwa nyeusi ya mtindo wa Phoenix, yenye gia moja, breki za vyuma na magurudumu ya inchi 28, ambayo hubeba samaki, mkaa, madumu ya maziwa na watoto wawili wa shule bila kulalamika. Ya pili ni baiskeli ya gia ya mtumba, iliyoundwa kwa ajili ya milima, yenye magurudumu ya inchi 26 na tairi nene za vipele. Ya tatu ni baiskeli ya mashindano, yenye usukani uliopinda chini na tairi nyembamba, ambayo huonekana mara chache mitaani na huvutia macho kila inapopita. Niseme mapema ninakoelekea: kwa watu wengi wanaofanya safari yao ya kwanza, ya pili ndiyo inayofaa, ila baada ya kuvuliwa tairi zake za vipele. Hata hivyo, zipo hali mbili ambazo ningemshauri mtu aiache, na nitazieleza.

Njia huamua nusu ya jambo

Hakuna baiskeli nzuri bila kujua inakwenda wapi, kwa hiyo ni vema kuanza na barabara. Kutoka Tanga mjini msafara unaweza kuelekea pande tatu. Ukishika njia ya kusini kwenda Pangani, yapata kilomita 50, unapita Tongoni yalipo magofu ya msikiti na makaburi ya kale, kisha Kigombe na mashamba yake ya mkonge, ukiwa karibu na usawa wa bahari karibu muda wote. Njia hii kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi, na ujenzi wake wa lami umekwenda kwa vipande, kwa hiyo mtu hupaswa kuuliza hali yake wiki ileile ya safari, wala asitegemee aliyoyaona mwaka jana. Ukishika njia ya magharibi kupitia Pongwe hadi Muheza, una lami nzuri, lakini una malori na mabasi ya Dar es Salaam na Arusha yanayokupita kwa karibu, na unapanda taratibu hadi karibu mita 200 juu ya usawa wa bahari. Ukishika njia ya kaskazini kwenda Horohoro mpakani, una lami ya kilomita 65 hivi yenye magari machache zaidi ya ile ya Muheza, ila maduka nayo ni machache.

Upepo nao una sauti yake katika uchaguzi, na wavuvi wetu wanaujua kuliko waendesha baiskeli. Wakati wa kusi, kati ya Mei na Septemba hivi, anayekwenda Pangani hukabiliwa na upepo wakati wa kwenda na husukumwa wakati wa kurudi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mambo hugeuka, naye hulipia wakati wa kurudi, jua likiwa limepanda na miguu imechoka. Kwa Horohoro kila kitu huwa kinyume chake. Kama kamati ya msafara inasikiliza ushauri, safari ya Pangani ya kwenda na kurudi ipangwe Juni, Julai au Agosti: masika yamekwisha, hewa ni baridi kidogo, na ule upepo wa mbele hukutwa asubuhi ukiwa bado mpole.

Gia: hapa ndipo tofauti kubwa ilipo

Watu wengi hudhani kwamba tatizo la Phoenix ni uzito wake. Baiskeli ya namna hiyo huwa na uzito wa kilo 20 hivi, ya gia ya chuma hukaribia kilo 15, na ya mashindano huwa na kilo 10 au zaidi kidogo. Hivyo, baina ya nzito na nyepesi zipo kilo kumi. Lakini kuzipandisha kilo kumi za ziada mita 200 kwenda juu, yaani kupanda kote kutoka ufukweni hadi Muheza, kunaugharimu mwili nguvu isiyofikia robo ya ile iliyomo katika ndizi mbivu moja. Mwendesha baiskeli aliyekula ugali jana usiku hawezi kushindwa kwa sababu ya robo ya ndizi. Linalomshinda ni gia.

Tuchukue Phoenix yenye meno 48 kwenye gia ya mbele na meno 18 kwenye friwili, yaani gia ya nyuma. Kila mzunguko mmoja wa pedali huisogeza baiskeli hiyo mita 6 hivi. Kwenye tambarare hilo si baya: ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, unakwenda zaidi ya kilomita 21 kwa saa, mwendo ambao msafara wa hisani hauuhitaji. Mambo hubadilika mlima unapoanza na mwendo wako unaposhuka hadi kilomita 9 kwa saa. Sasa unakanyaga mizunguko 25 tu kwa dakika, na kila mkanyago ni sawa na kupanda ngazi ndefu kwa mguu mmoja. Misuli hukaza, goti hulalamika, na baada ya vilima vichache mtu hushuka na kuanza kusukuma. Baiskeli ya gia yenye meno 28 mbele na 28 nyuma husogea mita 2 na kidogo kwa kila mzunguko, kwa hiyo katika mwendo uleule wa kilomita 9 kwa saa miguu huzunguka mara 70 hivi kwa dakika, kila mkanyago ukiwa mwepesi. Kazi yote kwa jumla ni ileile, ila imegawanywa katika vipande vidogo ambavyo goti la mtu asiyezoea linaweza kuvimudu kwa saa sita.

Je, ya mashindano? Hapa wengi hushangaa. Baiskeli nyingi za zamani za mashindano, ambazo ndizo zinazofika kwetu kama mtumba, zilitengenezwa kwa ajili ya vijana wenye mapaja ya chuma: mbele meno 52 na 42, nyuma gia kubwa kuliko zote ikiwa na meno 23 au karibu na hapo. Gia yake nyepesi kabisa husogea karibu mita 4 kwa mzunguko, takriban mara mbili ya ile ya baiskeli ya milimani. Mlimani, kwa anayeanza, ile nyepesi yenye kung'aa inaweza kumtesa goti karibu kama Phoenix. Kabla hujatoa fedha kwa muuzaji, piga magoti uhesabu meno. Muuzaji akicheka, mwache acheke.

Mwenye Phoenix ana njia moja ya kujinusuru, nayo ni nafuu: abadilishe friwili ya meno 18 aweke ya meno 22. Kila mzunguko utashuka kutoka mita 6 hadi mita 5 hivi. Atapoteza mwendo kidogo kwenye tambarare na atapata nafuu kubwa kila penye upepo wa mbele au mwinuko. Kwa Pangani hilo linatosha kabisa. Kwa Muheza linatosha kwa mtu mwenye miguu iliyozoea. Kwa anayefikiria kuendelea kutoka Muheza hadi Amani, kwenye barabara inayopanda Usambara Mashariki, halitoshi kwa yeyote, na ningemwomba afikirie upya.

Tairi, tyubu na vile vinamba vilivyoandikwa ubavuni

Kuna jambo ambalo wanunuzi wa mtumba hulipuuza hadi wapatwe na pancha mbali na mji: kusikia kwamba gurudumu ni la "inchi 26" hakutoshi. Baiskeli ya milimani ina inchi 26, na zile baiskeli za kikapu zinazotoka Japani nazo, baadhi yake, zina inchi 26, lakini tairi ya moja haivai kwenye rimu ya nyingine. Ukiinama na kufuta vumbi ubavuni mwa tairi utaona namba mbili zilizotenganishwa na kistari: 50-559 kwa ya milimani, 37-590 kwa ile ya kikapu. Namba ya pili ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi inapokalia rimu, na hiyo ndiyo isiyosema uongo. Phoenix kwa kawaida ni 635, na ya mashindano ya siku hizi ni 622. Iandike namba yako mahali, kwa sababu ndiyo utakayompa dereva wa gari la msaada akienda kukununulia tairi.

Kwa kipimo hiki Phoenix na baiskeli ya milimani zinashinda kwa mbali. Tyubu zake zipo kwa kila fundi kuanzia Ngamiani hadi Kigombe. Tyubu ya mashindano ni ya kutafuta. Usipobeba mbili zako mwenyewe, pancha ya pili inaweza kukumalizia safari. Tena tairi zake nyembamba, za milimita 23 au 25, hutaka upepo mwingi, takriban psi 90 hadi 110 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi), ili zisibanwe na rimu kwenye kila shimo, na katika kipande cha mchanga kama vile vya njia ya Pangani huzama kama kisu. Tairi ya Phoenix hutosheka na psi 50 au 60. Ya milimani huenda vizuri na psi 40 hadi 60 kutegemea uzito wa mwendeshaji.

Kujaza upepo nako kuna ajabu yake. Valvu ya baiskeli nyingi za gia ni sawa na ya gari, kwa hiyo mpira wa upepo wa kituo cha mafuta unaingia bila shida. Ya Phoenix na ya zile za kikapu ni nyingine kabisa na hutaka pampu ya baiskeli. Ya mashindano ni nyembamba na ndefu, ina kinati kidogo kichwani ambacho hulegezwa kwanza kwa vidole, na bila kile kipande kidogo cha shaba cha kuunganishia, pampu ya fundi wa kijijini huenda isiifae. Kipande hicho hakizidi ukubwa wa punje ya hindi, nacho hupotea mifukoni.

Sasa kuhusu zile tairi za vipele za baiskeli ya milimani. Zilitengenezwa kwa matope. Kwenye lami zinanguruma, zinatetemesha mikono na zinakula nguvu bure kwa kila kilomita. Ukizivua na kuvalisha tairi laini, au zenye mchirizo mdogo tu, za upana wa inchi moja na nusu au karibu na inchi mbili, baiskeli ileile hugeuka. Kati ya marekebisho yote yanayowezekana, hili ndilo linalorudisha fedha yake kwa haraka zaidi, na ni kwa sababu hili ndipo naipa baiskeli ya gia nafasi ya kwanza: bila mabadiliko hayo haiko mbele ya Phoenix kwa kiasi cha kujivunia.

Kasi ambayo hutaihitaji

Mtetezi wa baiskeli ya mashindano atasema kwamba inakata upepo, na hajakosea. Mwendo unapozidi kilomita 20 kwa saa, sehemu kubwa ya jasho la mwendeshaji huishia katika kuusukuma upepo. Kuongeza mwendo kutoka 20 hadi 25 hudai karibu mara mbili ya nguvu iliyokuwa ikitumika dhidi ya upepo huo. Aliyeinama hupata nafuu ya kweli. Lakini msafara wa hisani huenda kilomita 15 hadi 18 kwa saa, pamoja, na wanaojifunza wakiwa katikati. Katika mwendo huo faida ya kuinama ni ndogo, na anayeitaka anaweza kuipata kwa kukaa nyuma ya mgongo wa mwenzake, umbali salama, akiwa juu ya baiskeli yoyote ile. Kwa mwendo wa kilomita 16 kwa saa, kilomita 100 huchukua saa sita na robo bila kuhesabu mapumziko, kwa hiyo msafara ukitoka saa kumi na mbili asubuhi utamaliza mnamo saa nane mchana. Hakuna medali ya kufika saa saba.

Kukaa

Mateso mengi ya safari ndefu hayako miguuni. Yako matakoni, viganjani na shingoni, na hapa kila baiskeli ina namna yake ya kumwadhibu mtu.

Phoenix humkalisha mtu wima, kama aliyeketi kwenye kiti cha nyumbani, akitazama pande zote. Shingo hupumzika na mikono haibebi kitu. Uzito wote hushukia kwenye siti, ambayo kwa bahati ni pana na ina springi, lakini baada ya saa nne hata springi haina la kusema. Ya mashindano hugawa uzito kati ya siti, pedali na viganja. Mwenye mazoezi huisifu, na asiye na mazoezi hufika Muheza vidole vimekufa ganzi na shingo haigeuki, jambo ambalo ni hatari unapotaka kutazama lori linalokuja nyuma. Ya gia iko katikati, na usukani wake unaweza kupandishwa kidogo.

Jambo linaloshinda aina ya baiskeli ni kimo cha siti. Mitaani kwetu wengi huiweka chini mno ili waweze kukanyaga ardhi wanaposimama, na kwa safari ya kwenda sokoni haina neno. Kwa kilomita mia ni adhabu ya magoti. Kaa juu ya siti huku mwenzako akiishika baiskeli, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Phoenix ina fremu ndefu sana, na mtu mfupi hukuta siti imeshuka hadi mwisho na bado miguu haifiki vizuri. Huyo asijilazimishe hata kama baiskeli ni ya baba yake. Baiskeli za gia hupatikana kwa vimo vingi zaidi.

Wanawake wanaovaa baibui au gauni refu wanayo sababu ya ziada ya kuangalia fremu iliyoinamishwa katikati, ile tunayoiita ya kike, yenye kifuniko cha cheni na kinga ya spoku upande wa nyuma. Phoenix huwa nayo ya namna hiyo, na za kikapu karibu zote. Ya mashindano haina. Baiskeli ya gia isiyo na kifuniko cha cheni inaweza kutumika kwa kufunga kitambaa au mpira kwenye kifundo cha mguu wa kulia, ila hilo lijaribiwe kwenye mazoezi, lisiachiwe asubuhi ya safari.

Breki

Kwa breki sina maneno mengi. Breki za vyuma za Phoenix, zinazobana rimu ya chuma iliyong'arishwa, hufanya kazi ikiwa kavu na hukaribia kutofanya ikiwa imelowa. Za baiskeli ya gia, zinazobana rimu ya alumini kwa raba, hushika hata kwenye mvua, mradi raba hazijaisha na waya haujachanika. Za mashindano ni nzuri kwa kiasi hicho. Anayekwenda Pangani hatakutana na mteremko wa kumtisha. Anayerudi kutoka Muheza atashuka, tena kati ya malori, na kama breki yake ya mbele ni ile iliyong'olewa siku nyingi kwa kuwa "ya nyuma inatosha", na kiatu ndicho kinachomalizia kazi, asipande.

Fundi atasema nini

Mpelekee fundi baiskeli kabla ya kuinunua, na umtazame anavyofanya kazi. Yuko mmoja Ngamiani, benchi lake likiwa chini ya mwarobaini, ambaye huipindua baiskeli juu chini, hulizungusha gurudumu la nyuma, kisha hulisimamisha na kuanza kukwaruza spoku kwa ukucha, moja baada ya nyingine, kama anayejaribu nyuzi za gambusi. Ile inayotoa sauti nene imelegea. Akipata tatu zilizolegea mahali pamoja hutikisa kichwa, kwa sababu huko ndiko rimu itakakopinda mzigo ukikaa juu yake kwa saa nyingi. Baada ya hapo huishika cheni kwa vidole viwili mahali inapozunguka gia ya mbele na kuivuta kuelekea mbele. Ikinyanyuka kiasi cha kuacha nusu ya jino wazi, imechakaa, na huenda imekwisha kula friwili nayo.

Kila baiskeli ina ugonjwa wake. Phoenix huugua kwenye pini inayokaza mkono wa pedali: ikilegea, utasikia mgongano mmoja wa chuma kila mguu unaposhuka, na ukiuendekeza kwa kilomita ishirini, mkono wa pedali utaanza kucheza. Dawa yake ni nyundo na pini mpya, na karibu kila fundi anazo. Baiskeli ya gia ya mtumba huugua kwenye kile kifaa cha nyuma kinachohamisha cheni. Kikigongwa hata kidogo na kupinda, cheni huruka gia zenyewe au huingia kwenye spoku, jambo ambalo huvunja vitu vingi kwa mara moja. Fundi mzuri huweza kukinyoosha na kurekebisha waya. Ya mashindano huugua ugonjwa uleule, na vipuri vyake vina vipimo ambavyo havikubali vya baiskeli nyingine. Kwa hiyo, kadiri unavyosogea mbali na mji, ndivyo Phoenix inavyozidi kuwa baiskeli bora, na ndiyo sababu wachuuzi hawajaiacha.

Fedha ya hisani na fedha ya baiskeli

Msafara wa hisani una jambo ambalo mazoezi ya kawaida hayana: watu wameahidi fedha, mara nyingi kwa kila kilomita, na wanatazama. Mchangiaji aliyetuma elfu kumi kwa simu kwa ajili ya vitanda vya wodi ya watoto hapendi kusikia kwamba mwendeshaji amenunua baiskeli inayozidi jumla ya alichokusanya. Hilo si kosa la kisheria, lakini maneno ya mtaani hayangoji sheria. Baiskeli ya mashindano ni ghali kununua na ni ngumu kuuza tena hapa kwetu. Ya gia ya mtumba hununuliwa kwa bei ya kati na kuuzwa bila hasara kubwa. Phoenix, ukiwa nayo tayari, hugharimu friwili, tyubu mbili, raba za breki na ujira wa fundi. Kama huna baiskeli kabisa, kuazima kutoka kwa ndugu ni jambo la heshima, mradi uipate wiki kumi kabla, usiipokee usiku wa kuamkia safari.

Kamati nayo inapaswa kulinganisha, ila kwa macho mengine. Watu ishirini wakija na magurudumu ya vipimo vinne tofauti, gari la msaada litahitaji sanduku la tyubu la kila kipimo na pampu za valvu zote tatu. Kundi likikubaliana mapema kwamba wengi watapanda 559 na waliobaki 635, sanduku hupungua kuwa dogo na kila mmoja anaweza kumwokoa mwenzake. Katika kundi la namna hiyo, mwenye ya mashindano hujitegemea.

Maandalizi kwa kila aina

Mpango wa mazoezi unafanana kwa wote, nao hauhitaji maelezo marefu: wiki kumi hadi kumi na mbili, mara tatu kwa wiki, safari moja ndefu kila mwisho wa wiki inayoongezwa kidogo kidogo, kama sehemu moja ya kumi kila wiki, hadi ifike kilomita 75 au 80 wiki mbili kabla ya siku yenyewe, kisha kupunguza. Tofauti iko kwenye kinachofanyiwa mazoezi. Mwenye Phoenix azoeze magoti yake kwa kutafuta upepo na vilima vidogo vya Pongwe, asikimbilie umbali mapema. Mwenye baiskeli ya gia ajifunze kubadilisha gia kabla ya mlima kuanza, miguu ikiwa bado inazunguka kwa wepesi, kwa sababu kubadilisha katikati ya mkanyago mzito ndiko kunakokata cheni. Mwenye ya mashindano azoeze shingo, viganja na macho ya kuona mashimo, na hayo matatu huchukua muda mrefu kuliko wiki kumi kwa watu wengi.

Maji ni nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa katika joto letu, na chumvi iwemo. Pakiti ya ORS iliyochanganywa kwenye lita moja ya maji hufanya kazi ambayo maji matupu hayawezi. Dafu ni zuri, ila lina chumvi kidogo kuliko jasho linavyotoa. Ndizi, tende na vipande vya halua hukaa vizuri mfukoni. Halua hasa haidai kutafunwa wakati unapumua kwa nguvu. Kofia ngumu ivaliwe na wote watatu.

Nani achukue ipi

Kama unakwenda Pangani, umeipanda Phoenix kila siku kwa miaka, na mwili wako umeizoea, usinunue nyingine. Weka friwili ya meno 22, badilisha pini na raba za breki, panga safari wakati wa kusi, na uende. Hiyo ndiyo hali ya kwanza ambayo ningeiacha baiskeli ya gia.

Hali ya pili ni ya mtu aliyekwisha kuipanda ya mashindano kwa mwaka mmoja au zaidi, anayekwenda Horohoro au Muheza kwa lami tupu, na anayebeba tyubu zake, pampu yake na kipande chake cha shaba. Huyo hana sababu ya kushuka. Aliyeiona tu dukani na kuipenda hayumo katika kundi hili.

Waliobaki, nao ndio wengi, watafute baiskeli ya gia ya inchi 26 yenye fremu inayolingana na kimo chao na gia ndogo ya mbele yenye meno 28 au chini yake, waipeleke kwa fundi kabla ya kulipa, na wanunue tairi laini mbili siku ileile. Tairi za vipele wasizitupe, zinauzika.